Lugha ya Masharti ya Kustahiki: Mombasa, Kutoka "Native" hadi Fomu ya Mtandao

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti na kwa maana: kustahiki na kustahili. Vyote viwili asili yake ni Kiarabu, lakini cha kwanza kimetokana na mzizi uliotupa neno haki, na cha pili na mzizi uliotupa neno ahali, yaani watu wa jambo, wanaolifaa. Kamusi nyingi huvifanya kuwa sawa, na mazungumzo ya kila siku pia. Hata hivyo tofauti yake si ndogo mtu anaposimama mbele ya dirisha la ofisi. Mwenye kustahiki hudai kilicho chake. Mwenye kustahili hungoja aonekane kuwa anafaa. Maandishi ya serikali kuhusu watu wa kisiwa cha Mombasa, tangu mkataba wa Desemba 1895 kati ya Sultani wa Unguja na Waingereza hadi huduma za leo zinazoombwa kwa mtandao, yana kisa kirefu cha watu waliokwenda kudai kwa maana ya kwanza wakapokewa kwa maana ya pili. Sehemu kubwa ya kisa hicho imo katika maneno yenyewe ya masharti.

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba watu wa Mji wa Kale walifundishwa na Waingereza kuandika nani apate na nani asipate. Elimu hiyo walikuwa nayo. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambao vitabu vyao vilisomwa katika misikiti na madarasa ya Mombasa, wameyataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na hawakuridhika kuyataja tu. Fakiri na maskini, ambao kwa msemaji wa kawaida ni mtu mmoja, wao waliwatenga: fakiri ni yule ambaye hana kitu, au alicho nacho hakikaribii haja yake, maskini ana kitu, ila hakimtoshi. Hapa sharti halikuachwa juu ya jina. Jina limefuatwa na kipimo, na kipimo hicho, haja ya mtu na alicho nacho, kila mmoja aweza kukijaribu juu ya nafsi yake kabla hajaenda kuomba. Hati za wakfu nazo ziliandikwa kwa tahadhari ya namna hiyo: ni watoto wa kiume tu au wa kike pia, ni kizazi cha kwanza au na vilivyofuata, na kizazi kikikoma mali iende kwa nani. Mwandishi wa hati ya wakfu alijua kwamba wasomaji wake watakuwa hai wakati yeye hayupo tena kuulizwa. Hiyo ndiyo hali ya kila mwandishi wa masharti, ingawa si wote wanaoikumbuka.

Utawala wa Kiingereza ulileta utaratibu mwingine, wa kuanza na jina na mara nyingi kuishia na jina. Neno lililotawala ni "native". Kodi ya kibanda na ya kichwa, mahakama ambayo mtu ataitwa, na baada ya sheria ya kuandikisha watu ya 1915, wajibu wa mwanamume wa zaidi ya miaka 16 kuchukua kipande, vyote vilitegemea kama mtu ni "native" au siye. Bara, neno hilo halikuwa na ugumu mkubwa kwa karani, hata kama lilikuwa na udhalimu. Mombasa lilikuwa na udhalimu na ugumu pamoja. Katika mitaa ya Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu waliishi jirani kwa jirani watu wa Thenashara Taifa, Wamanga, Washihiri, Mabaluchi, Wangazija, Wabajuni, masharifu, na watu waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa kabla hali ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1907. Wameoana kwa vizazi vingi. Lugha yao ya nyumbani ni moja. Sheria ikawataka wajigawe mafungu mawili: Mwarabu upande huu, na Mswahili, pamoja na "natives" wengine, upande ule.

Jambo la kuangaliwa na mwanalugha ni kwamba hakuna neno la Kiswahili lililolingana na neno hili. "Mwenyeji" halifai, kwa kuwa Mombasa mwenyeji ni kinyume cha mgeni, na hakuna aliyedai uenyeji kwa nguvu kuliko watu wa Thenashara Taifa, ambao wengi wao hawakutaka kabisa kuitwa "natives". "Mzalia" lilikuwa baya zaidi. Kamusi za zamani zaonyesha kwamba mzalia si mtu aliyezaliwa mahali tu. Aghalabu ni mtoto wa mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Kwa mtu wa Mji wa Kale, kuambiwa ni mzalia wa hapa hakukuwa kuambiwa kuwa ana haki ya hapa. Kwa hiyo swali la karani, lililoonekana kwa Kiingereza kuwa ni la kodi, lilifika masikioni mwa msikilizaji likiwa ni swali la nasaba na la aibu.

Hata jina ambalo watu hao walijitambulisha nalo liliharibika njiani. Thenashara Taifa ni shirikisho la Mataifa Tisa, yaani Wamvita, Wamtwapa, Wakilifi, Wajomvu, Wapate, Washaka, Wapaza, Wagunya na Wakatwa, pamoja na Mataifa Matatu, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Taifa, kwa matumizi ya Kimvita, ni kundi la watu wenye mji wao, wazee wao na heshima yao katika baraza la mji. Ndiyo maana wengine husema Miji Kumi na Miwili. Maofisa walilifasiri kuwa ni "tribe". Kufasiri huko hakukukusudiwa kuwadhuru, lakini katika lugha ya sheria za wakati ule mwenye "tribe" alikuwa ni Mwafrika, na Mwarabu hakuwa nayo. Hivyo mtu alipojitaja kwa jina la fahari la mji wake, alikuwa amekwisha kujibu, bila kujua, swali ambalo hakulikubali.

Ugumu huu ulidhihiri zaidi katika jambo la kura. Baada ya Waraka wa Devonshire wa 1923, Waarabu walipewa kiti kimoja cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na katika uchaguzi wa 1924 masharti ya mpiga kura wa Kiarabu yalikuwa awe mwanamume mzima, awe amekaa nchini miaka miwili, na ajue kusoma na kuandika Kiarabu, au Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Sharti hili la mwisho lafaa kutazamwa kwa makini na wanaosomesha lugha, kwa kuwa ni nadra kuona sheria ya kikoloni ikikipa Kiswahili, tena kwa hati zake za kale, nguvu ya kumfungulia mtu mlango wa siasa. Ni sharti zuri kwa namna lilivyoandikwa. Laweza kujaribiwa: mpe mtu karatasi na kalamu, utajua. Na katika Mji wa Kale lilikuwa rahisi kutimizwa, kwa sababu barua, hati za deni, mashairi na hesabu za duka viliandikwa kwa hati hizo hizo. Miaka michache baadaye, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliweza kutoa gazeti lake la Al-Islah kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha hati hizo, akijua kwamba wasomaji wapo.

Lakini sharti lililo wazi liliwekwa nyuma ya sharti lisilo wazi. Kabla ya kuulizwa kama anajua kusoma, mtu alipaswa awe Mwarabu, na neno hilo halikuwa na kipimo kama cha fakiri na maskini. Watu wa Thenashara Taifa walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu vizuri kuliko baadhi ya wapiga kura wenyewe walikataliwa, si kwa sababu ya kalamu, bali kwa sababu ya jina. Chama cha Waarabu wa Pwani, kilichoundwa 1921, kikapasuka kwa ugomvi huo, na mwaka 1927 waliotengwa wakaunda chama chao, Afro-Asian Association. Hyder Kindy, aliyekuwa mmoja wa viongozi wake, ameyasimulia mambo hayo katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1972, na A. I. Salim ameyachambua katika historia yake ya watu wa pwani ya Kenya iliyotoka mwaka uliofuata. Watu wa Thenashara Taifa hawakuingizwa katika daftari la wapiga kura wa Kiarabu mpaka miaka ya mwanzo ya 1950, yaani zaidi ya robo karne baadaye. Wengine walikuwa wamekufa.

Yafaa kukumbukwa, ijapokuwa ni kando kidogo ya njia, kwamba katika miaka hiyo hiyo serikali ilifanya uamuzi mwingine wa lugha, tena Mombasa penyewe. Mkutano wa Juni 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa; Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ikaendeleza Kiswahili hicho kwa hati za Kilatini. Kwa hiyo kijana wa Kibokoni wa wakati ule aliambiwa na sheria ya uchaguzi kwamba maandishi ya babu yake ni sifa, na akaambiwa na shule kwamba si sifa tena. Hakuna ushahidi kwamba ofisi hizo mbili ziliwahi kulizungumza jambo hili.

Uhuru ulileta maneno ya namna nyingine. Katiba ya 1963 haikuuliza kama mtu ni Mwarabu au Mswahili. Iliuliza alizaliwa wapi, wazazi wake walizaliwa wapi, na siku ya 11 Desemba 1963 alikuwa na hadhi gani mbele ya sheria ya Uingereza. Aliyezaliwa Kenya, akiwa ni raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya himaya ya Uingereza, alikuwa raia wa Kenya tarehe 12 Desemba, ila tu ikiwa wazazi wake wote wawili walizaliwa nje ya Kenya. Huyo wa mwisho alipewa nafasi ya kuomba kuandikishwa, na muda wa miaka miwili. Kwa upande wa maandishi, haya ni maendeleo makubwa. Mahali pa kuzaliwa na tarehe ni mambo ya kuthibitishwa. Hayategemei jicho la karani wala rangi ya ngozi. Kwa mji uliokuwa umetoka tu katika mabishano ya Mwambao, ambayo kwa ajili yake Sir James Robertson alikuja kufanya uchunguzi mwaka 1961, na ambayo yalifungwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Uingereza, Unguja na Kenya, kutotajwa kwa majina ya makabila katika sharti la uraia kulikuwa na maana yake.

Hata hivyo maneno hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, na yalipofasiriwa kwa mdomo madukani na misikitini yalikutana na tatizo la sarufi ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulijua. Kiingereza kina neno "neither", linalokanusha kila mmoja wa wawili. Kiswahili hukanusha kwa kitenzi, na ukanushi wa kitenzi ukikutana na "wote" huleta maana mbili. Sentensi "asiwe raia ikiwa wazazi wake wote wawili hawakuzaliwa Kenya" yaweza kueleweka kuwa hapana hata mmoja aliyezaliwa Kenya, na yaweza kueleweka kuwa si wote wawili waliozaliwa Kenya, yaani mmoja alizaliwa na mwingine hakuzaliwa. Chukua mtu aliyezaliwa Ndia Kuu, baba yake amezaliwa Shihri na mama yake amezaliwa Lamu. Kwa maana ya kwanza yeye ni raia tangu siku ya uhuru, bila kuomba. Kwa maana ya pili si raia mpaka aombe, na muda wake umekwisha Desemba 1965. Tofauti yote imo katika mawanda ya neno moja. Dawa yake si ngumu, na ipo ndani ya Kiswahili chenyewe: "ikiwa hapana hata mmoja katika wazazi wake aliyezaliwa Kenya", au, bora zaidi kwa kuwa huondoa ukanushi kabisa, "mtu aliyezaliwa Kenya, ambaye baba yake au mama yake naye alizaliwa Kenya, ni raia". Sentensi ya kukubali humwambia msomaji nini atafute nyumbani. Ya kukanusha humwambia nini aogope.

Katiba ya 2010 imekwenda njia hiyo ya kukubali. Mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Sharti ni fupi, na kwa mara ya kwanza mama amewekwa sawa na baba bila ya maneno ya ziada. Ugumu umehamia kwenye ushahidi, na hapo jina limerudi kupitia mlango wa nyuma. Sheria ya kuandikisha watu, yenye asili yake katika sheria ya 1947, imeorodhesha mambo ya kuandikwa kwa kila mtu, na moja kati yake ni kabila au asili "declared", yaani iliyotajwa na mwenyewe. Neno hili moja ndilo lenye uzito wote. Kutaja ni tendo la msemaji. Ofisi kazi yake ni kuandika lililotajwa. Lakini katika utendaji, kama taarifa ya 2007 ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kuhusu utoaji wa vitambulisho ilivyoeleza, watu wa jamii fulani, wa pwani miongoni mwao, walitakiwa walete karatasi za wazazi na hata za mababu, ambazo wengine hawakutakiwa. Anayetaja "Mswahili" akaulizwa Mswahili wa wapi amekwisha kutolewa katika sharti la kutaja na kuingizwa katika sharti la kuthibitisha, ambalo halikuandikwa. Ni mfano wa wazi wa kustahiki kulikogeuzwa kustahili. Swali "Mswahili ni nani?", ambalo Carol Eastman aliliandikia mwaka 1971 na ambalo limejaza kurasa nyingi za majarida ya lugha tangu hapo, si swali la darasani tu kwa kijana wa miaka 18 wa Kuze anayetaka kitambulisho.

Kuhamishwa kwa huduma katika mtandao kumeongeza uzito wa maneno. Dirisha la zamani lilikuwa na karani, na karani aliweza kudhulumu, lakini aliweza pia kufafanua, tena kwa Kimvita. Fomu ya mtandao haina wa kuulizwa. Ikiandikwa "cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, barua ya chifu", mkato huo waweza kuwa na maana ya "na" au ya "au", na msomaji mwangalifu atachukua iliyo ngumu zaidi, asiombe kabisa mpaka apate zote tatu. Mwandishi aliyetanguliza maneno "lete moja katika hizi" au "lete zote" angekuwa amefanya kazi ya karani mwema. Pasipo maneno hayo karani amerudi kwa sura nyingine: ni mwenye saiba, anayemjazia mtu fomu kwa malipo, na ambaye tafsiri yake ya sharti ndiyo sheria kwa mteja wake, kama ilivyokuwa tafsiri ya waandishi wa barua za maombi zamani. Hukumu ya Mahakama Kuu ya 30 Januari 2020 katika kesi ya Huduma Namba iliona kwamba wako watu wanaoweza kuachwa nje ya utaratibu mpya kwa kukosa vyeti, na ikataka uwekwe mpango kamili wa kisheria kabla ya kuendelea. Aidha, sheria ya kupata habari ya 2016 yaruhusu mtu kuomba habari kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Haki ya kuuliza kwa Kiswahili, basi, ipo. Haki ya kuyasoma masharti yenyewe kwa Kiswahili kilichopimwa kama Kiingereza chake kilivyopimwa haijapata waandishi wa kutosha.

Kazi hiyo yahitaji wanalugha, na mfano mmoja watosha kuonyesha kwa nini. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 iliwafungulia njia watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wamekaa Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Muda wa kuomba uliwekwa kuwa miaka mitano, pamoja na uwezekano wa kuongezwa mitatu. Moja ya masharti ni kwamba mwombaji awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa "local dialect". Maneno hayo mawili ya mwisho yamekusudiwa, bila shaka, lugha nyingine za Kenya, kwa kuwa Waingereza walizoea kuita lugha za watu wengine kuwa ni "dialects". Mwanafunzi wa Kiswahili akiyafasiri neno kwa neno atapata "lahaja ya mahali", na lahaja, katika elimu yetu, ni tawi la lugha moja. Kwa tafsiri hiyo sharti litasema: ajue Kiswahili, au ajue Kimvita, Kiamu, Kitikuu au Kipemba, kana kwamba hivyo vya pili si Kiswahili. Neno "mfululizo" nalo lina mashaka yake kwa watu wa bahari. Mvuvi aliyekwenda Pemba kwa msimu, akangoja upepo ugeuke, kisha akarudi kwake Vanga au Mombasa, je, amekatiza kukaa au hakukatiza?

Hayo hayakuwa maswali ya kubuni kwa Wapemba wa pwani ya Kenya, ambao wengi wao ni wavuvi na wamekuwako Kwale, Mombasa na Kilifi kwa vizazi. Wamakonde waliandikishwa kuwa raia kuanzia 2016. Wapemba walingoja mpaka Julai 2023, serikali ilipotangaza kuwatambua kuwa moja ya jamii za Kenya. Walitambuliwa kwa jina la jamii yao. Ujuzi wao wa Kiswahili, ambao ndio lugha waliyozaliwa nayo, ulikuwa umewatimizia sharti la lugha tangu siku ya kwanza ya sheria ile, na haukuwafikisha popote.